Mungu, zindiko, somo au kichezeo? Kuchagua tafsiri ya visanamu vya 'Ain Ghazal

Chini ya sakafu ya nyumba ya kale, katika eneo ambalo leo limemezwa na jiji la Amman nchini Jordan, wachimbaji walikuta shimo dogo. Ndani yake walikuwemo ng'ombe wawili wa udongo, wadogo wa kushikika mkononi, wamechomekwa mwilini vipande vyembamba vya jiwe la gumegume. Mtu aliwachoma ng'ombe hao, akawazika, na maisha ya nyumba yakaendelea juu yao.

Mahali hapo panaitwa 'Ain Ghazal, yaani Chemchemi ya Swala kwa Kiarabu. Watu walianza kuishi hapo zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, katika Zama Mpya za Mawe, binadamu alipokuwa ndio kwanza anajifunza kulima nafaka na kufuga. Walifuga mbuzi, walijenga nyumba zenye sakafu ya chokaa iliyopakwa rangi nyekundu, na wengi wa wafu wao waliwazika chini ya sakafu hizo hizo. Ujenzi wa barabara miaka ya 1970 ndio uliofichua kijiji hicho, na kuanzia 1982 Gary Rollefson akaongoza uchimbaji wake, baadaye akishirikiana na Zeidan Kafafi. Vilitoka visanamu vingi vya udongo: wanyama, hasa ng'ombe, na binadamu, baadhi yao wanawake wenye matiti makubwa na tumbo lililojaa. Watu hawa walifinyanga ng'ombe vizazi vingi kabla hawajafinyanga chungu cha kupikia. Kila nikilifikiria jambo hilo huwa nalirudia mara mbili.

Sasa, wewe ni mwanafunzi wa akiolojia unayetakiwa kuandika insha, au mwalimu wa historia, au unaongoza wageni makumbusho, na swali linakukabili: vitu hivi vilikuwa vya nini? Majibu makubwa ni manne, na kila moja lina watetezi wenye akili. Hapa chini nayaweka bega kwa bega ili uchague linalokifaa kisanamu kilicho mbele yako.

Vigezo kwanza

Kosa la kawaida ni kuanza na sura. Mtu anaona tumbo kubwa anasema "uzazi". Anaona ng'ombe anasema "uwindaji". Sura husema kitu, lakini si ya kwanza kuulizwa. Peter Ucko, mwanaakiolojia Mwingereza, alilisisitiza hilo miaka ya 1960, na Mary Voigt, katika kazi yake ya 1983 kuhusu kijiji cha Hajji Firuz Tepe nchini Iran, akaenda mbele zaidi: akaorodhesha kila aina ya matumizi tungetegemea iache dalili gani ardhini. Vigezo vyangu vitano vinafuata njia yao.

Kigezo cha kwanza ni mahali. Visanamu viwili vinaweza kufanana kama mapacha, lakini kimoja kimezikwa chini ya sakafu na kingine kimetupwa jalalani pamoja na mifupa ya mbuzi. Hivyo si kitu kimoja. Cha pili ni malighafi na moto: jiwe, au udongo uliochomwa ukaiva, umekusudiwa kudumu, lakini udongo uliokaushwa juani tu umekusudiwa kwa muda. Cha tatu ni uchakavu na mivunjiko. Kitu kilichoshikwashikwa miaka mingi hulainika pembeni. Kilichotumika mara moja hubaki na kingo zake. Hapa lakini uwe mwangalifu: shingo ya kisanamu ni nyembamba, hivyo kukatika hapo peke yake hakuthibitishi kwamba mtu alikata kwa makusudi. Cha nne ni upana: je, tafsiri inamweleza mwanamke mjamzito na ng'ombe pia, au inachukua nusu na kuacha nusu? Cha tano ni mfano hai, yaani kama kuna jamii tunayoifahamu iliyotumia vitu vya namna hii, na watu wake wakaeleza wenyewe walivyovitumia.

Tafsiri ya kwanza: mungu wa kike

Hii ndiyo inayojulikana zaidi, na picha iliyoisambaza duniani haikutoka 'Ain Ghazal bali Çatalhöyük, kijiji kingine cha kale katika uwanda wa Konya nchini Uturuki. Mwaka 1961 mwanaakiolojia James Mellaart alipata huko mwanamke mnene wa udongo ameketi, mikono yake juu ya wanyama wawili wa jamii ya chui. Alikutwa ndani ya kihenge cha nafaka. Kichwa alicho nacho leo katika makumbusho ya Ankara ni cha kutengenezwa na wakarabati. Mellaart alimwona kuwa mungu mama, na baadaye mwanaakiolojia mwenzake Marija Gimbutas aliitanua hoja hiyo kwa vijiji vya kale vya Ulaya.

Mahali: kihenge cha nafaka ni mahali penye uzito, na anayemwona mwanamke huyo mlinzi wa chakula hasemi upuuzi. Ila visanamu vingi vya 'Ain Ghazal vilikutwa katika kifusi na takataka, na ni vigumu kuamini kwamba watu walimtupa mungu wao jalalani, tena mara kwa mara.

Malighafi: ibada ya kudumu ingetaka kitu cha kudumu. Wanawake wa udongo wa 'Ain Ghazal ni wadogo na dhaifu. Lakini kijiji hicho hicho kina kundi jingine kabisa. Mwaka 1983 na tena 1985 yalifukuliwa mashimo mawili yenye sanamu kubwa za chokaa iliyopakwa juu ya matete yaliyofungwa pamoja, baadhi zikikaribia kimo cha mita moja, macho yamezungushiwa lami nyeusi. Baadhi ni vifua vyenye vichwa viwili. Zimelazwa kwa mpangilio, zimezikwa kwa heshima. Nikiambiwa nitafute kitu kilichosimamishwa mbele ya watu kikaangaliwa kwa hofu, nitaziendea hizo. Na hata hapo neno "mungu" silo pekee, kwa sababu watu wa kijiji hicho walifukua mafuvu ya baadhi ya wafu wao na kuyapaka chokaa kuzirudisha sura zao. Mtu aliyeona tambiko la mizimu atauliza mara moja: je, hawa si wahenga?

Upana: hapa ndipo inapokwama zaidi. Ng'ombe haingii. Hata Çatalhöyük kwenyewe, timu ya Ian Hodder iliyochimba kuanzia 1993 hadi 2018 ilikusanya visanamu karibu 2,000, vingi vikiwa wanyama, na vilivyo wazi kuwa vya wanawake havikufika 5%. Picha moja nzuri ilitufunika macho tusione mamia mengine.

Mfano hai: dini zenye miungu wa kike zipo nyingi, za kale na za leo, hivyo wazo lenyewe si geni. Kinachokosekana ni daraja kutoka kwao hadi kijiji hiki.

Inamfaa anayeandika kuhusu sanamu kubwa za chokaa, au kisanamu cha jiwe kilichozikwa kwa uangalifu. Inafaa pia kwa anayetaka kueleza historia ya akiolojia yenyewe, maana bila Mellaart na Gimbutas wengi wetu tusingevijali visanamu hivi.

Tafsiri ya pili: uganga na zindiko

Kwa maoni haya, kisanamu si cha kuabudiwa. Ni chombo cha kazi. Kinatengenezwa kwa haja moja: mimba itulie, mawindo yapatikane, nyumba ilindwe. Haja ikishasemwa juu yake, nguvu imetumika, na udongo uliobaki ni udongo tu.

Mahali: wale ng'ombe wawili ndio shahidi wake mkuu. Kuchomwa gumegume na kuzikwa chini ya sakafu si ajali. Msomaji wa Kiswahili analo neno la tendo linalofanana na hilo, zindiko, kitu kinachofukiwa ili nyumba ikae salama. Sisemi watu wa 'Ain Ghazal walizindika kama wazee wetu. Huenda waliua kwa mfano yule ambaye kesho wangemkabili porini, kwa kuwa wakati huo ng'ombe wa eneo hilo walikuwa bado wa mwituni au wanaanza tu kuzoeshwa. Nyama ya kila siku ilikuwa ya mbuzi, ilhali udongoni anatawala ng'ombe. Walimfinyanga yule aliyewatia hofu na hamu, na mbuzi wa zizini wakamwacha.

Malighafi na mivunjiko vinaipa nguvu zaidi. Udongo mwepesi usioiva vizuri, kazi ya dakika chache, umevunjika, umetupwa na majivu: hivyo ndivyo tungetegemea kwa kitu cha kutumika mara moja. Tafsiri hii inaweza kueleza bila kuhangaika kwa nini mwanamke mjamzito wa udongo aishie jalalani.

Upana: inambeba mwanamke na ng'ombe kwa pamoja, mmoja kwa uzazi, mwingine kwa mawindo au kinga.

Mfano hai ni mwingi, pengine mwingi kupita kiasi, na hapo ndipo udhaifu wake. Uganga unaweza kueleza kila kitu. Kimezikwa? Uganga. Kimetupwa? Uganga uliokwisha. Kimevunjika? Ndiyo dawa yenyewe. Tafsiri isiyoweza kukosea haina cha kutufundisha, kwa hiyo ukiichagua, jilazimishe kuonyesha kitendo: alama ya kudungwa, shimo, mpangilio.

Inamfaa mtafiti mwenye kumbukumbu kamili za uchimbaji, anayejua kila kipande kilitoka wapi.

Tafsiri ya tatu: vifaa vya kufundishia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ushahidi wake mkubwa umetoka kwetu.

Hans Cory, aliyekuwa akiitumikia serikali ya Tanganyika kama mtafiti wa mila, alikusanya visanamu vya udongo vilivyotumika katika mafunzo ya jando na unyago ya makabila mbalimbali, wakiwemo Wasambaa na Wazigua, akavichapisha mwaka 1956. Wamo watu, wanyama na vyombo vya nyumbani. Kila kimoja kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulibeba fumbo: heshima kwa wakwe, hatari ya uzinzi, wajibu wa mume, namna ya kuishi na jirani. Mwali alionyeshwa kisanamu, akaimbiwa, akafumbuliwa. Mwaka huo huo wa 1956 mwanaanthropolojia Audrey Richards alichapisha alichokishuhudia kwa Wabemba wa Zambia mwaka 1931, katika mafunzo ya wasichana yaitwayo chisungu. Walikuwa na vyombo vidogo vya udongo uliochomwa, ambavyo mwalimu wao, nachimbusa, alivitunza, na pia maumbo makubwa ya udongo mbichi yaliyofinyangwa papo hapo na kubomolewa mara baada ya kazi.

Kwa mwanaakiolojia huo ni utajiri. Wataalamu wa Mashariki ya Kati walipochoka na jibu la "mungu mama", kumbukumbu za Afrika za namna hii ziliwapa njia nyingine ya kufikiri, na vifaa vya mafunzo vikapata nafasi yake katika orodha ya Voigt.

Mahali: vifaa vya unyago huweza kuharibiwa, kufichwa au kutunzwa na kungwi. Kwa hiyo tungetegemea ama vipande jalalani, ama kifurushi kamili mahali pa siri. 'Ain Ghazal ina vipande vingi vilivyotawanyika. Seti ya visanamu vidogo vilivyokaa pamoja kama mtaala ingeibeba hoja hii juu sana, lakini mashimo yaliyojaa yaliyopatikana ni yale ya sanamu kubwa za chokaa.

Malighafi: mfano wa Wabemba unatuonya kwamba mafunzo yale yale hutumia udongo uliochomwa na usiochomwa. Hivyo moto hauamui hapa kama unavyoamua kwa tafsiri nyingine.

Mivunjiko haipingani nayo. Kinachobomolewa baada ya somo huvunjika, na kinachotunzwa na kungwi hulainika.

Upana: hapa inashinda zote. Somo huhitaji mwanamke, mwanamume, ng'ombe, chatu, jembe. Hakuna umbo linalobaki nje.

Udhaifu wake ni mchungu: wimbo haubaki ardhini. Chukua visanamu vya Cory, viondolee nyimbo, na hata mjukuu wa kungwi hatajua maana yake, kwani umbo lilichaguliwa makusudi lisijieleze. Ukisema visanamu vya 'Ain Ghazal vilifundisha, huwezi kusema vilifundisha nini, wala hupaswi kuhamisha fumbo la Kizigua ukalipeleka Jordan ya miaka 9,000 iliyopita.

Inamfaa mwalimu, na mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayetaka kuchangia mjadala wa dunia kwa kitu ambacho jamii yake inakijua kwa ndani.

Tafsiri ya nne: vichezeo

Wengine huona kumwita ng'ombe wa miaka 9,000 kichezeo ni kumdharau. Mimi sioni hivyo. Aliyekulia karibu na wafugaji amewaona watoto wakifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya mto, wakiwapa nundu na pembe, wakiwajengea zizi la vijiti, wakibishana dume la nani litashinda. Mtoto huyo anajifunza kundi kabla hajakabidhiwa kundi.

Mahali: vichezeo hukutwa popote, hasa jalalani na katika vifusi vya nyumba, na ndivyo ilivyo kwa wanyama wengi wa 'Ain Ghazal. Malighafi: udongo wa karibu, usio na gharama, uliokauka juani au ulioangukia motoni. Mivunjiko: pembe na miguu iliyokatika, bila utaratibu. Kwa vigezo vitatu vya kwanza tafsiri hii imesimama imara, na haidai imani wala ibada tusizoweza kuzithibitisha.

Upana unaipunguza. Itamchukua ng'ombe wa kawaida, lakini inateleza kwa wale wawili waliochomwa gumegume na kuzikwa, na inapungukiwa kwa mwanamke mwenye tumbo na matiti yaliyokuzwa kuliko sehemu nyingine zote za mwili. Mwanasesere wa mtoto huwa na uso kabla ya kitu kingine chochote.

Inamfaa anayeshughulika na wanyama wadogo wasio na alama yoyote ya tendo la pekee, na yeyote anayetaka kuwakumbuka watoto, ambao katika vijiji vya kale lazima walikuwa wengi na ambao vitabu huwasahau.

Zikiwekwa pamoja

Iko hoja ya tano, ya hesabu, kwamba baadhi ya vitu vidogo vya udongo vilikuwa vya kuwekea idadi. Imejengwa hasa juu ya vidude vya maumbo kama koni na tufe, siyo wanyama hawa, kwa hiyo sikuipa sehemu yake.

Kwa ng'ombe wa kawaida wa jalalani, mashindano yenyewe yako kati ya kichezeo na kifaa cha somo, na vigezo vyetu havitofautishi vizuri. Kwa mwanamke mjamzito, uganga na somo vinakaribiana. Kwa ng'ombe waliozikwa, uganga uko mbele kwa mbali. Kwa sanamu za chokaa, ibada au wahenga.

Na mpaka kati ya tafsiri si ukuta. Wazaramo na Wakwere wa pwani ya Tanzania wanacho kinyago cha mti kiitwacho mwanahiti, kiwiliwili cha mwanamke chenye nywele zilizochongwa, anachokabidhiwa mwali. Hukitunza kama mtoto, hufunzwa kupitia hicho, na kimefungamana na matumaini ya uzazi wake. Ni mwanasesere, ni somo, na ni dua kwa wakati mmoja. Kama kingefukuliwa bila mtu wa kueleza, tungegombana miaka mia tukitaka jibu moja.

Kulingana na hali yako

Ukiwa unaandika insha ya chuo na una ripoti ya uchimbaji, usichague tafsiri moja kwa kijiji kizima. Gawa visanamu kwa mahali vilipokutwa, kisha kila kundi lipimwe peke yake. Insha itakuwa ndefu zaidi, lakini hutalazimika kuwaficha ng'ombe ili mungu wako apite.

Ukiwa mwalimu wa sekondari, anza na kichezeo na somo, maana wanafunzi wako wana pa kushika. Wape udongo wafinyange, wavitupe, wavikusanye baada ya wiki, waone wenyewe ni sehemu zipi zinakatika kwanza. Mungu wa kike mlete mwishoni, pamoja na swali la kwa nini aliwavutia watu kuliko wote.

Ukiwa mwongoza wageni, usikwepe neno "mungu" kama mgeni ndilo alilokuja nalo. Mwambie lilitoka wapi, kisha mwonyeshe mnyama aliye kwenye kabati la pembeni umuulize huyo naye tumwiteje.

Ukiwa Ghuba na unapanga kwenda Louvre Abu Dhabi, jumba hilo la makumbusho lilipofunguliwa 2017 lilikuwa na sanamu ya vichwa viwili ya 'Ain Ghazal iliyoazimwa kutoka Jordan. Ukiikuta, iangalie kwa jicho la wahenga na ibada, kisha ukumbuke kwamba visanamu vidogo vya kijiji hicho hicho havikuwa na maisha ya namna hiyo.

Ukiwa ni mtafiti au ndugu wa kungwi ambaye bado anazijua nyimbo za visanamu, kwako tafsiri ya tatu ni kazi ya haraka kuliko kwa mtu mwingine. Rekodi wimbo pamoja na kitu, kwa ridhaa ya wenye mila na kwa kuheshimu yale wasiyotaka yatoke nje.

Na ukiwa na picha tu uliyotumiwa kwenye simu, haina shimo, haina tabaka, haina jina la kijiji, basi kigezo cha kwanza, mahali, huna, na cha pili na cha tatu huwezi kuvipima vizuri. Andika chini yake unachokiona: ng'ombe wa udongo, pembe ya kushoto imekatika, urefu haujulikani. Mbele ya neno "matumizi" acha nafasi wazi.